UZI: Schengen ni kijiji, wakuu. Nimefika, nimevuka daraja kwa miguu, nimerudi na kahawa

Mgeni wa Trier

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtu humu ama amewahi kuandika neno Schengen kwenye fomu, ama ana ndugu aliyeliandika. Wapo walioliandika mara tatu na mara tatu wakarudishiwa pasi haina kitu. Mimi kabla sijaja huku nilijua ni jina la mzungu aliyeibuni ile viza, kama dizeli ilivyobeba jina la Rudolf Diesel. Jamaa yangu mmoja wa Mbagala yeye aliapa kwamba ni kifupisho, na kila herufi alikuwa na maana yake kichwani.

Sasa sikilizeni. Schengen ni kijiji. Kipo Luxembourg, kona ya kusini mashariki kabisa, ukingoni mwa mto Moselle, pale Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Kijiji chenyewe kina watu mia kadhaa tu. Ukiwakusanya wote hawajazi hata shule moja ya msingi ya Mbagala. Kuna mizabibu mlimani, kuna mnara wa zamani, kuna makumbusho, kuna sheli za mafuta zimepangana kama vibanda vya chipsi. Basi.

Naishi Trier, upande wa Ujerumani, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Nimeshakwenda mara nne. Naweka uzi kwa sababu kila nikisimulia nyumbani kwenye simu naambiwa nimeanza uongo wa watu wa Ulaya. Uzi mrefu, chemsha chai kabisa.

Kiti cha Mbele

Nimeshaweka kambi. Tiririka mkuu.

binti_mwambao

Yaani miaka yote hii nanyanyasika na jina la kijiji?

Mgeni wa Trier

Ndiyo dada. Cha zabibu.

Naanza na safari. Treni ya kutoka Trier kwenda Perl inafuata mto mwanzo mwisho, inapanda kuelekea kusini. Kaa upande wa kulia. Mto uko hapo hapo chini ya dirisha, na ng'ambo yake ni Luxembourg. Kushoto kwako mizabibu ya Wajerumani, kulia ng'ambo mizabibu ya Waluxembourg, na kusema kweli huwezi kujua ipi ni ya nani. Kituo cha mwisho upande wa Ujerumani ni Perl. Ukitoka nje ya stesheni, daraja lile pale. Unatembea.

Mara ya kwanza ilikuwa 2019. Nilikuwa nimebeba pasi, kadi ya ukaazi, barua ya chuo na bima, vyote kwenye bahasha ya kaki, nimeibana kwapani. Mtu wa kwetu ukimwambia anavuka mpaka anajipanga. Nikaanza kulivuka daraja natafuta kwa macho: geti liko wapi, kibanda kiko wapi, yule askari mwenye mhuri amekaa wapi? Akanipita bibi mmoja na mbwa wake. Wakapita vijana wawili na baiskeli. Nikafika mwisho wa daraja, simu ikatetemeka mfukoni: ujumbe wa mtandao, karibu Luxembourg. Hiyo ndiyo ilikuwa forodha.

Nikarudi nikavuka tena, nihakikishe. Hakuna mtu. Nikasimama katikati ya daraja na bahasha yangu ya kaki, nikacheka peke yangu kama chizi.

Kiti cha Mbele

Hahaha bahasha ya kaki! Ule ugonjwa tunao wote.

Nyundo ya Songea

Mkuu, mpaka wenyewe uko wapi hasa? Katikati ya mto?

Mgeni wa Trier

Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niupende huo mto. Kati ya Luxembourg na Ujerumani hakuna mstari katikati ya maji. Mto wote, ukingo kwa ukingo, ni wa nchi zote mbili kwa pamoja. Si nusu kwa nusu. Wote wanamiliki wote. Utaratibu huo ni wa tangu 1816, baada ya mkutano wa Vienna ambako Luxembourg ilinyang'anywa ardhi yake ya mashariki ya mto ikapewa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo. Ardhi ikakatwa, maji wakaambiwa tumieni wote. Kwa hiyo ukiwa kwenye boti pale, uko Ujerumani na uko Luxembourg kwa wakati mmoja. Ukipanda juu kidogo ya kijiji unaingia sehemu ya Ufaransa, na ile nukta ya nchi tatu iko ndani ya maji hayo hayo. Hakuna jiwe utakalokanyaga upige picha. Kuna samaki tu.

Nyundo ya Songea

Wangekuja kutufundisha Ziwa Nyasa. Mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890 mpaka leo Malawi inasema maji yote ni yake hadi ufukweni kwetu, sisi tunasema katikati ya ziwa. Miaka yote hiyo na wavuvi wa Mbamba Bay wanavua tu.

Mgeni wa Trier

Na huyo Mjerumani wa 1890 ni huyo huyo ambaye huku nyumbani kwake alikuwa anautumia mto mzima pamoja na jirani bila ugomvi. Kila nikikumbuka hili nakosa usingizi kidogo.

Tuendelee. Manispaa.

Nikisema manispaa msifikirie Temeke wala Kinondoni. Huku manispaa ni ya vijijini tu. Wenyewe huiita Gemeng. Luxembourg nzima ina 100. Hii ya Schengen ina vijiji tisa: Schengen, Remerschen, Wintrange, Schwebsange, Bech-Kleinmacher, Wellenstein, Burmerange, Elvange na Emerange. Jumla ya watu ni kama elfu tano, kilomita za mraba 31 na ushee. Kwetu hiyo ni kata, tena kata ndogo. Lakini wana meya, wana baraza, wana bajeti.

Kinachochekesha ni kwamba ofisi ya manispaa haiko Schengen. Iko Remerschen, kijiji kikubwa kidogo, umbali wa kutembea tu. Na hadi 2006 manispaa yenyewe iliitwa Remerschen! Mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani uliosainiwa hapa ulipovuma dunia nzima, wakakaa wakajiuliza: sisi wenye jina hili tunajificha nyuma ya Remerschen kwa nini? Septemba 2006 wakabadilisha. Baadaye Burmerange na Wellenstein, zilizokuwa manispaa zao, zikaungana nao. Jina la kijiji kidogo likameza majirani wakubwa. Biashara hiyo, na mimi siwalaumu.

Jambo jingine la hapo lililonigusa. Luxembourg karibu nusu ya wakazi ni wageni, Wareno wengi, Wafaransa, na kadhalika. Mgeni anayeishi pale anaweza kupiga kura kuchagua baraza la manispaa, na sheria ya 2022 imeondoa hata lile sharti la kukaa miaka mitano kwanza. Yaani unahamia, unajiandikisha, unamchagua diwani wako. Mimi hapa Ujerumani, kwa pasi yangu ya Tanzania, hiyo kura ya mtaa sina. Nina maoni tu.

Dereva wa Kusini

Mkuu tupe habari ya mkataba. Kwa nini hapo? Si wangesaini Paris?

Mgeni wa Trier

Ndugu yangu dereva, hii stori ni yako kuliko ya wote humu. Chanzo chake kimojawapo ni madereva wa malori.

Mwanzoni mwa 1984 madereva wa malori walichoka na foleni za forodha wakafunga barabara, kwenye njia za milima ya Alps na Ufaransa. Mizigo ikakwama, maziwa yakaganda, wanasiasa wakashtuka. Julai mwaka huo serikali ya Kansela Kohl wa Ujerumani Magharibi na ya Rais Mitterrand wa Ufaransa zikaafikiana mjini Saarbrücken kulegeza mpaka kati yao. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg wao walikuwa wameshaondoleana ukaguzi wa pasi tangu 1960, wakasema na sisi tumo.

Sasa wakatafuta mahali. Hizo nchi tatu ndogo ni kundi moja, Ufaransa upande wake, Ujerumani upande wake. Makundi hayo matatu yanagusana wapi? Kwenye maji mbele ya Schengen. Tarehe 14 Juni 1985 wakapanda meli ya abiria iitwayo Princesse Marie-Astrid, wakasaini humo humo mtoni.

Na waliosaini ni akina nani? Hakuna rais hata mmoja. Hakuna waziri mkuu. Luxembourg alikuwa Robert Goebbels, katibu wa serikali wa mambo ya nje; Ufaransa ilimtuma Catherine Lalumière, naye wa ngazi hiyo hiyo. Ni kama kesi ya familia wazee wamegoma kwenda wakatuma vijana: nendeni mkasikilize. Wakubwa hawakuona kama ni jambo litakalofika popote.

Sikilizeni na walichokubaliana kwa kuanzia. Kuanzia kesho yake, gari dogo halisimami mpakani: linapunguza mwendo, askari analitazama kwa macho, linapita. Na wenye kutaka wangebandika kwenye kioo cha mbele duara la kijani lenye upana usiopungua sentimita nane, maana yake sote humu ndani ni raia wa Ulaya na hatujabeba magendo. Kijikaratasi cha kijani! Hilo dubwana linalotutoa machozi ubalozini lilianza na stika ya gari.

Mkataba wa pili, ule wenye meno, ulisainiwa hapo hapo Schengen tarehe 19 Juni 1990. Ukaguzi wenyewe ukaondolewa tarehe 26 Machi 1995, miaka kumi kasoro tangu siku ya meli. Leo nchi ni 29, Bulgaria na Romania zikiwa za mwisho kukamilika, Januari 2025.

Dereva wa Kusini

Sisi tukifunga barabara tunapigwa mabomu ya machozi. Mpaka mmoja, sitautaja, nimelala siku sita ndani ya kichwa cha lori, mzigo wa watu nyuma, nakunywa chai ya mama lishe kwa mkopo. Ila nisiseme uongo, tangu waweke vituo vya pamoja kule Rusumo na Namanga unagongewa mhuri mara moja, afadhali ipo. Hayo malori ya huko siku hizi yanapita wapi?

Mgeni wa Trier

Pole sana kaka. Huku kuna barabara kuu imetobolewa chini ya kilima cha mizabibu. Handaki linaitwa Markusbierg, lilifunguliwa 2003. Ukiwa juu unatembea kwenye mistari ya zabibu huku malori yanapita tumboni mwa mlima, yanatokea upande wa pili juu ya daraja refu, yako Ujerumani. Bila kusimama. Nilikaa juu pale nikayahesabu mpaka nikachoka.

Kizibo cha Dodoma

Umegusa zabibu umenigusa mimi. Nina ekari mbili Hombolo. Tupe za shamba sasa, hayo ya mikataba waachie wanasheria.

Mgeni wa Trier

Nilikuwa nakungoja.

Shamba lao ni mteremko, mkuu. Pengine mkali kiasi kwamba ukidondosha ndoo unaikuta kwa jirani. Mistari imepandwa kwenye waya, imetazama jua na mto. Miamba ya huku kusini ni udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, mzito. Kaskazini zaidi, Grevenmacher, ni mawe ya chokaa ya magamba ya konokono wa bahari ya zamani. Wenyewe wanasema ukionja divai unaujua udongo. Mimi nilionja, nikajua imetoka kwenye chupa.

Aina zao karibu zote ni nyeupe: Rivaner, Auxerrois, Pinot za aina kadhaa, Riesling, na Elbling ambayo inasemekana imelimwa bonde hili tangu Warumi. Divai ya povu wanaiita Crémant de Luxembourg, jina limelindwa tangu 1991. Nchi nzima mizabibu iko kwenye bonde hili tu, kilomita kama 42 kutoka Schengen hadi Wasserbillig, hekta zinazokaribia 1,300.

Tofauti kubwa na wewe: wao wanavuna mara moja kwa mwaka, Septemba hadi Oktoba. Baridi ikiingia mzabibu unalala kama umekufa. Februari nilimkuta mzee mmoja anapogoa peke yake, vidole vimekuwa vyekundu, anaacha tawi moja au mawili kwa kila shina, analipinda anafunga kwenye waya. Nikamwambia kwetu kuna mkoa wanavuna mara mbili kwa mwaka. Akaacha kukata. Akaniuliza, kwa hiyo mizabibu yenu inapumzika lini? Nikakosa la kumjibu. Sasa nakuuliza wewe, inapumzika lini?

Kizibo cha Dodoma

Haipumziki. Sisi wenyewe tunapumzika lini? Unapogoa, unamwagilia, inaamka. Mwambie mzee baridi hatuna ya kuilaza. Na bei ya kilo huko ikoje, maana huku zabibu tunavuna mara mbili na mnunuzi anakuja mara moja.

Mgeni wa Trier

Sikumuuliza bei, ningeonekana nataka kununua shamba. Ila wakulima wengi wamejiunga kwenye ushirika. Remerschen wana kiwanda cha ushirika, Wellenstein wana kingine kikubwa chenye maghala chini ya ardhi. Mkulima analeta zabibu, ushirika unakamua, unauza kwa jina moja. Huna haja ya kusimama barabarani na ndoo.

Nipite haraka kwenye vivutio. Kuna mnara wa ngome wa mwaka 1390; Victor Hugo, yule mwandishi wa Kifaransa, alipita 1871 akauchora kwa mkono wake. Chini ya Remerschen kuna mabwawa mengi yaliyobaki baada ya kuchimba kokoto, sasa ni hifadhi ya ndege. Schwebsange kuna bandari ndogo ya boti za starehe. Makumbusho ya Ulaya yalifunguliwa Juni 2010, na siku niliyoingia sikutozwa kitu.

Humo ndani kuna kitu kimoja nilikitazama muda mrefu. Kofia. Kabati la kioo limejaa kofia za maafisa wa mpakani wa nchi mbalimbali, zimepangwa kwenye rafu, bila vichwa. Kofia ya buluu, ya kijani, yenye utepe, yenye tai. Nilikuwa nimesimama mbele ya zile kofia nikagundua nimenyoosha mgongo na mkono umeshaingia mfukoni kutafuta pasi. Kofia tupu, mkuu!

Nje kuna vipande vya Ukuta wa Berlin, na nguzo zenye nyota za nchi wanachama. Na ile meli, Princesse Marie-Astrid, serikali yao iliitafuta, ikaikarabati, na 2025, miaka 40 ya mkataba, ikarudishwa kutia nanga hapo hapo Schengen. Watu wanaingia kutazama.

Mama Kivu wa Liège

Jambo wote. Siye huku Ubelgiji Luxembourg tunaijua kwa mafuta tu. Kuna mji unaitwa Martelange, barabara moja: upande huu nyumba za Ubelgiji, upande ule sheli za Luxembourg, zimeshikana. Bwana yangu akisema twende kutembea Luxembourg najua tanki iko tupu.

Mgeni wa Trier

Mama, umefika penyewe. Shikamoo.

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuifikia tangu mwanzo. Watu wanasema Schengen ndipo mpaka ulipokufa. Mimi nasema haukufa, ulihama. Ulitoka kwenye geti ukaingia kwenye bei.

Ukishuka darajani upande wa Luxembourg, kitu cha kwanza si mnara, si makumbusho. Ni sheli, na nyingine, na nyingine. Jumamosi magari ya namba za Kijerumani na za Kifaransa yamepanga foleni. Ushuru wa mafuta wa Luxembourg ni mdogo kuliko wa majirani, na bei ya juu kabisa inapangwa na serikali, kwa hiyo sheli zote ni sawasawa. Wakishajaza tanki wanaingia dukani: sigara, pombe, kahawa.

Kahawa! Hapo nilishangaa. Kwa nini Mjerumani avuke mto kufuata kahawa? Kumbe Ujerumani ina kodi maalumu ya kahawa, yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa. Kodi ya zamani, na bado ipo. Luxembourg hawana. Kwa hiyo duka la sheli ya Schengen lina rafu ya kahawa ndefu kuliko ya mkate. Na usidhani unabeba unavyotaka: kwa matumizi yako mwenyewe Ujerumani inakuruhusu kilo kumi, na sigara 800. Ukizidisha, watu wa forodha wana haki ya kukusimamisha hata kilomita nyingi ndani ya nchi, wakufungue buti. Geti hakuna, forodha ipo, inatembea.

Na nyumba nayo. Luxembourg pango ni moto, kwa hiyo wengi wanafanya kazi kule na kulala Perl au vijiji vya Ufaransa, Apach na Sierck. Asubuhi daraja linajaa upande mmoja, jioni upande wa pili. Perl kuna hata shule ya sekondari ya pamoja ya Wajerumani na Waluxembourg, tangu 2007, inaitwa Schengen-Lyzeum. Mtoto anavuka nchi kwenda kipindi cha hesabu.

binti_mwambao

Sawa, huko ndani wanavuka kufuata kahawa. Na sisi geti letu wamelihamishia wapi?

Mgeni wa Trier

Ubalozini, dada. Unajua jibu. Yuro 90 tangu Juni 2024, bima isiyopungua yuro elfu thelathini, taarifa za benki, na ukipewa ni siku 90 ndani ya kila 180. Geti la Perl lilibomolewa likajengwa upya Dar, Nairobi na kwingineko, na foleni yake mnaijua. Makubaliano ndiyo hayo: wakiacha kukaguana ndani, wanakaza nje.

Mpita Njia 77

Swali la haraka: nikiwa na hiyo viza naingia Uingereza?

Mgeni wa Trier

Huingii. Uingereza haijawahi kuwa ndani, hata ilipokuwa Umoja wa Ulaya. Ireland nayo hapana. Lakini Uswisi, Norway na Iceland ambazo si za Umoja wa Ulaya, ndiyo. Usichanganye hivi vitu viwili, kuna mtu namfahamu alikata tiketi ya kupitia Dublin akaishia kuongea na ukuta.

Kiti cha Mbele

Mkuu nasikia Mjerumani amerudisha ukaguzi. Ina maana kijiji kimekufa?

Mgeni wa Trier

Kijiji hakijafa, ila ni kweli. Kwanza ilikuwa wakati wa korona, Machi hadi katikati ya Mei 2020, Ujerumani ikarudisha polisi mpakani na Luxembourg. Watu walioishi miaka 25 bila kumwona askari darajani wakaanza kuonyesha vitambulisho kwenda kazini. Kisha Septemba 2024 ikatangaza ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Wenye mji hawakupenda.

Na yalinikuta. Novemba 2024, saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, natoka Schengen narudi Perl kuwahi treni. Mimi sasa ni mwenyeji, bahasha ya kaki niliiacha zamani. Kadi ya ukaazi nayo siku hiyo niliiacha kwenye koti jingine. Mwisho wa daraja, gari limeegeshwa, taa ndani zinawaka, maaskari wawili. Wakamwacha mzee aliyekuwa mbele yangu apite. Mimi wakaniita.

Kitambulisho? Nikajipapasa. Mfuko wa kushoto, wa kulia, wa nyuma. Mnajua ule ubaridi unaoshuka mgongoni. Nikawaonyesha picha ya kadi kwenye simu. Yule mwanamke akaichukua namba, akaingia garini. Mwenzake akabaki na mimi, kimya, mto unapita chini. Miaka mitano nasimulia watu kwamba Schengen hakuna anayekuuliza kitu, na mimi nimesimama pale pale Schengen naulizwa.

Yule askari akaitazama mifuko yangu. Una nini humo? Kahawa, nikamwambia. Akaniambia nifungue. Pakiti nne za nusu kilo. Akainua moja, akaigeuza akasoma nyuma kwa tochi, akanitazama, akasoma tena. Imeandikwa Tansania.

Akaniuliza kama haikuwa rahisi zaidi kuinunua nyumbani.

Dereva wa Kusini

Hahahaha! Ukamjibuje?

Mgeni wa Trier

Nilimwambia nyumbani tunakunywa chai. Mwenzake akarudi na simu yangu, akasema siku nyingine nibebe kadi yenyewe. Treni nikaikosa, iliyofuata ilikuwa baada ya saa nzima, nikakaa stesheni ya Perl nanusa kahawa.

Kizibo cha Dodoma

Ukirudi kwa yule mzee wa mizabibu mwulize ile miche ya Elbling inauzwaje.